Kanuni za linta: Jinsi timu ya tovuti inavyoandika kodi ya aina moja bila kugombana

Muktasari:
• Linta ni programu inayosoma kodi kabla haijaendeshwa na kuonyesha makosa na sehemu zenye shaka.
• Faida yake kubwa inaonekana pale timu nzima inapotumia kanuni zilezile, zilizohifadhiwa sehemu moja.
• DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za Tanzania, una kifurushi chake cha kanuni za pamoja.
• Timu ndogo inaweza kuanza na kanuni chache, kukagua kodi mpya tu, kisha kuongeza taratibu.

Kwenye fomu ya ripoti ya mwezi ya zahanati, kisanduku chenye sifuri na kisanduku kitupu ni vitu viwili tofauti kabisa. Sifuri maana yake mwezi huo hakukuwa na mgonjwa wa malaria. Kitupu maana yake hakuna aliyejaza.

Mganga mfawidhi wa zahanati yoyote, iwe Ilemba wilayani Sumbawanga au Mbagala jijini Dar es Salaam, anaijua tofauti hiyo. Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa nyingi za intaneti, haiijui kila mara. Ukiiuliza kwa alama mbili za usawa kama kisanduku kitupu ni sawa na sifuri, hivi:

'' == 0

inajibu kuwa ni kweli. Ukitumia alama tatu:

'' === 0

inajibu kuwa si kweli. Alama moja tu imepungua, na kituo ambacho hakijaleta ripoti kinaweza kuonekana kwenye skrini kama kituo kisicho na malaria.

Kosa kama hili halizimi mfumo. Ukurasa unafunguka, namba zinaonekana, na hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana timu za madevelopa huweka mkaguzi wa mashine anayesoma kila mstari. Mkaguzi huyo anaitwa linta.

Linta ni nini hasa?

Ni programu inayosoma kodi (ile ya kompyuta, siyo ya TRA) bila kuiendesha. Inalinganisha kilichoandikwa na orodha ya kanuni, kisha inataja faili, mstari na kanuni iliyovunjwa.

Ya kwanza iliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs nchini Marekani mwaka 1978, kwa ajili ya lugha ya C. Aliiita lint, jina la vile vinyuzi vidogo vinavyonata kwenye nguo. Vinyuzi hivyo havichani shati, lakini mtu makini huvitoa kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa upande wa JavaScript, Douglas Crockford alitoa JSLint mwaka 2002. Hiyo ilikuwa na msimamo mkali wa mtu mmoja: unakubali kanuni zake, au unaacha. Mwaka 2011 Anton Kovalyov akatoa JSHint iliyolegeza masharti. Juni 2013 Nicholas C. Zakas akaanzisha ESLint, ambayo kila kanuni yake inaweza kuwashwa, kuzimwa au kuongezwa. Leo ESLint ina kanuni zaidi ya 200 za ndani, na ndiyo inayotajwa sana timu za tovuti zinapozungumzia linta.

Uzito wa jambo hili ulionekana dunia nzima Februari 2014. Apple ililazimika kutoa marekebisho ya haraka ya iPhone baada ya kugundulika kwamba mstari mmoja wa kodi ya usalama ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mstari huo wa pili uliifanya simu iruke sehemu ya ukaguzi wa uhalali wa tovuti inayounganishwa nayo. Kodi iliyokuja chini yake haikuweza kufikiwa tena, na kodi isiyofikika ni kati ya vitu ambavyo mashine ya ukaguzi huvitambua kirahisi.

Mfano wa karibu: DHIS2

Takwimu za zahanati na vituo vya afya nchini huanzia kwenye rejista za MTUHA, na muhtasari wake wa kila mwezi huingizwa kwenye DHIS2. Mfumo huo unatumiwa na wizara za afya za nchi zaidi ya 70. Mizizi yake iko Afrika Kusini miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway ndicho kinachoratibu utengenezaji wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maabara ya DHIS2.

Kodi yake iko wazi kwenye GitHub. Yeyote anaweza kuisoma, na watu wa nchi mbalimbali huichangia. Sasa fikiria hali hiyo: mmoja yuko Oslo, mwingine Dar es Salaam, mwingine Kampala. Kila mmoja akiandika kwa mtindo wa chuo alichosoma, kusoma kazi ya mwenzake kunakuwa kama kusoma mwandiko wa daktari.

Suluhisho lao ni kifurushi kimoja kinachoitwa @dhis2/cli-style. Ndani yake kuna mipangilio ya ESLint na ya Prettier, na amri mbili kuu: d2-style check inayokagua, na d2-style apply inayorekebisha. Kila programu ndogo ya DHIS2 inakichukua kifurushi hicho badala ya kuandika kanuni zake upya.

Ukifungua kodi za programu zao utaona matokeo. Mistari haiishii na nukta mkato. Mstari wa ndani huanza baada ya nafasi nne. Maneno yamewekwa ndani ya alama moja ya kunukuu, siyo mbili. Hata ujumbe unaoambatana na mabadiliko una utaratibu: fix kwa kurekebisha kosa, feat kwa kuongeza kitu kipya.

Mwongozo maarufu wa kampuni ya Airbnb unasema kinyume kwenye baadhi ya mambo hayo: nukta mkato lazima, na nafasi ni mbili. Nani yuko sahihi? Wote. Muhimu ni kwamba ndani ya timu moja hakuna anayebishana tena.

Linta na fomata, usivichanganye

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo.

• Linta inatafuta makosa: jina lililotumika bila kutangazwa, kodi isiyofikika, ulinganisho wenye shaka.
• Fomata inapanga mwonekano: nafasi, urefu wa mstari, alama za kunukuu.

Fomata inayojulikana zaidi ni Prettier, iliyotolewa na James Long Januari 2017. Yenyewe ina machaguo machache kwa makusudi, ili watu wasipate cha kubishania.

Zamani ESLint ilifanya kazi zote mbili. Mwaka 2023 waendeshaji wake walitangaza kuacha kuziendeleza kanuni za mwonekano, ili chombo hicho kibaki na kazi ya kutafuta makosa. Kwa hiyo timu inayoanza leo inashauriwa iache mwonekano kwa fomata na akili kwa linta. Zote mbili zikipewa kazi ya kupanga nafasi, moja itapanga hivi, nyingine itapangua.

Hatua sita za kuweka kanuni za pamoja

1. Timu ikae ichague msingi

Hakuna haja ya kupitia kanuni 200 moja moja. ESLint ina orodha inayopendekezwa na waendeshaji wake, na hiyo inatosha kuanzia. Amri hii inauliza maswali machache na kuandaa faili la mipangilio:

npm init @eslint/config@latest

2. Ongeza kanuni zinazogusa kazi yenu

Kanuni ya alama tatu za usawa, inayoitwa eqeqeq, haimo kwenye orodha hiyo inayopendekezwa. Timu inayoshughulika na fomu za takwimu, malipo au mitihani inabidi iiwashe yenyewe. Faili la eslint.config.mjs linaweza kuwa fupi hivi:

import js from "@eslint/js";

export default [
  js.configs.recommended,
  {
    rules: {
      eqeqeq: "error",
      "no-unused-vars": "warn",
    },
  },
];

Kila kanuni ina ngazi tatu. "off" ni kuzima, "warn" ni onyo, "error" ni kosa linalozuia. Mfumo huu wa faili ndio wa kawaida tangu toleo la 9 la ESLint, lililotoka Aprili 2024. Mafunzo mengi ya YouTube bado yanaonyesha faili la zamani la .eslintrc, kwa hiyo tarehe ya video iangaliwe kwanza.

Kwa kodi inayoendeshwa kwenye brauza, kifurushi cha globals kiongezwe pia kwenye mipangilio. Bila hicho linta italalamika kuwa haimjui window wala document.

3. Hamishia kanuni kwenye kifurushi kimoja

Timu yenye mradi mmoja inaweza kuishia hatua ya pili. Yenye miradi mitatu au minne ikinakili faili hilo kila mahali, baada ya miezi michache kila mradi utakuwa na sheria zake. Dawa ni kutengeneza kifurushi chenye jina linaloanza na eslint-config, kisha miradi yote ikichukue.

Siyo lazima kukiweka hadharani. Npm inaweza kusakinisha kifurushi moja kwa moja kutoka kwenye hazina ya Git ya timu.

4. Maliza vita ya Windows na Linux

Kompyuta za Windows na za Linux humaliza mistari kwa alama tofauti zisizoonekana. Mtu akibadilisha neno moja, Git inaweza kuonyesha faili zima limebadilika. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2020, Prettier inachukulia mtindo wa Linux kama wa kawaida. Mstari huu kwenye faili la .gitattributes unamaliza ugomvi:

* text=auto eol=lf

5. Weka kizuizi kabla ya kukomiti

Husky ni chombo kinachoendesha ukaguzi pale mtu anapotaka kukomiti. Kikiunganishwa na lint-staged, kinakagua mafaili yaliyoguswa tu, siyo mradi mzima. Hivyo hata laptop yenye nguvu ndogo haikwami.

6. Weka mlango wa mwisho kwenye seva

Kizuizi cha kwenye laptop kinarukika. Mtu akiandika --no-verify anapita. Kwa hiyo ukaguzi uleule urudiwe kwenye seva, mfano GitHub Actions, kabla kodi haijaunganishwa na ya wengine:

npm ci
npx eslint . --max-warnings 0
npx prettier --check .

Sehemu ya --max-warnings 0 inafanya hata onyo lizuie. Bila hiyo maonyo huongezeka kidogo kidogo hadi hakuna anayeyasoma.

Vipi kuhusu kodi ya zamani?

Hapa ndipo timu nyingi zinapokata tamaa. Linta inawashwa kwenye mradi wa miaka mitano, inaleta makosa maelfu, inazimwa siku hiyohiyo.

Kuna njia tatu za kukwepa hilo.

• Fomati mradi wote kwa mara moja, kwenye komiti inayojitegemea isiyo na mabadiliko mengine. Namba ya komiti hiyo iandikwe kwenye faili la .git-blame-ignore-revs na Git ielekezwe kulitumia, ili historia ya nani aliandika nini isipotee.
• Tumia --suppress-all, iliyoongezwa ESLint mwaka 2025. Inaorodhesha makosa ya zamani kwenye faili moja na kuyanyamazisha. Kosa jipya linazuiwa, la zamani linasubiri zamu yake.
• Washa kanuni moja kwa wiki. Rekebisha, unganisha, nenda inayofuata.

Makosa mengine linta inayarekebisha yenyewe kwa --fix. Hata hivyo kanuni ya eqeqeq kwa kawaida inamwachia mtu uamuzi, kwa sababu kubadilisha alama mbili kuwa tatu kunaweza kubadilisha tabia ya programu. Thamani inayotoka kwenye kisanduku cha fomu ni maandishi, hivyo '0' === 0 inajibu kuwa si kweli. Lazima mtu aseme anataka kulinganisha nini: maandishi au namba.

Linta haioni kila kitu

Turudi kwenye kisanduku kitupu. Devela anayekwepa alama za usawa anaweza kuandika:

if (!idadi)

Kwa JavaScript, hapo idadi ikiwa namba sifuri, maandishi matupu au haipo kabisa, zote zinapita mlango mmoja. Kanuni ya eqeqeq haitasema neno, kwa kuwa hakuna alama ya usawa iliyotumika. Kubadilisha kwa Number('') nako hakusaidii, maana jibu lake ni sifuri.

Kwenye DHIS2 yenyewe suala la sifuri ni la kupangwa: kwa kawaida mfumo hauhifadhi thamani ya sifuri mpaka msimamizi achague hivyo kwa kila kipengele cha takwimu. Uamuzi wa aina hiyo haumo kwenye kodi hata kidogo. Unatoka kwa mtu anayejua ripoti ya malaria inasomwaje wilayani.

Kwa hiyo linta haichukui nafasi ya majaribio, wala ya mwenzako kupitia kazi yako. Inachofanya ni kumwondolea mwenzako kazi ya kuhesabu nafasi na nukta mkato, ili macho yake yabaki kwenye swali la maana: je, hapa mfumo unatofautisha sifuri na kitupu?

Angalizo la usalama

Kifurushi cha kanuni kinaonekana hakina madhara, lakini kinasakinishwa kwenye kompyuta ya kila devela na kwenye seva ya ukaguzi. Wahalifu wanalijua hilo.

Julai 2018 mtu aliingia kwenye akaunti ya mmoja wa waendeshaji wa ESLint na kutoa toleo bovu la kifurushi cha eslint-scope, lililoiba funguo za akaunti za npm. Julai 2025 mwendeshaji wa eslint-config-prettier alidanganywa kwa barua pepe ya uongo, na matoleo yenye programu hasidi inayolenga Windows yakatolewa kwa jina lake.

Kinga za msingi ni hizi:

• Faili la package-lock.json lihifadhiwe kwenye Git, na seva itumie npm ci badala ya npm install.
• Toleo jipya lisikimbiliwe siku lilipotoka.
• Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye akaunti za npm na GitHub.

Maswali yanayoulizwa sana

Je, linta inakula bando?

Kusakinisha kunahitaji intaneti. Baada ya hapo ukaguzi unafanyika ndani ya kompyuta yenyewe, hata mtandao ukikatika. Hilo ni jambo kubwa kwa anayefanya kazi na timu ya Dar es Salaam akiwa Ilemba au Sumbawanga mjini. Kosa analiona hapohapo, badala ya kutuma kodi, kusubiri jibu, kurekebisha na kutuma tena.

Timu yetu inatumia PHP au Python, siyo JavaScript. Inakuwaje?

Utaratibu ni uleule. Kwa PHP kuna PHP_CodeSniffer na kanuni za PSR-12 za mwaka 2019, na wanaotumia Laravel wana Pint. Kwa Python kuna Ruff.

Mtu akihitaji kuvunja kanuni kwa sababu ya msingi?

Inaruhusiwa. Mstari wa eslint-disable-next-line unanyamazisha kanuni kwa mstari mmoja unaofuata. Timu nyingi zinataka sababu iandikwe hapohapo baada ya vistari viwili, ili anayekuja nyuma asibaki anajiuliza.

Nani aamue kanuni mpya?

Njia inayofanya kazi ni kuichukulia kanuni kama kodi nyingine yoyote. Anayetaka kubadilisha anapeleka ombi kwenye hazina ya kifurushi, anaeleza sababu, wengine wanajadili, linaunganishwa au linakataliwa. Mkubwa wa timu akibadilisha kimyakimya usiku, asubuhi kazi za wote zinakwama bila maelezo, na linta inaanza kuchukiwa.

Kwa timu ya watu wawili ina maana?

Ndiyo, na hapo ndipo ni rahisi kuliko kote. Kukubaliana watu wawili ni mazungumzo ya chai moja. Mtu wa tatu akija anakuta faili lipo, na hakuna anayehitaji kumweleza kwa mdomo.

Pa kuanzia wiki hii

Timu isiyo na chochote ianze na mambo matatu: orodha inayopendekezwa ya ESLint, kanuni ya eqeqeq ikiwa kwenye "error", na Prettier bila kubadilisha mipangilio yake. Kizuizi cha kukomiti na ukaguzi wa seva vinaweza kufuata wiki ijayo. Kifurushi cha pamoja kisubiri mpaka mradi wa pili uanze.